Shuka la Bi Zena na Bao la Nthenya

Nakumbuka Jumapili moja ya upepo, mwanangu, na ningependa kuikumbuka vibaya, kama watu wanavyokumbuka mambo ya zamani, hapa wakiongeza na pale wakipunguza. Lakini ile naikumbuka vizuri. Naikumbuka mpaka maua ya shuka.

Kabla sijaendelea niseme ukweli kuhusu mimi. Sikusoma sana, niliachia kidato cha pili, na umri wangu haujafika ule wa kuitwa mzee na kupewa kiti cha mbele. Nakaribia arobaini. Lakini nyinyi wasichana wa timu mnaniita mathe, yaani mama, na kwa mpira wa wanawake hapa Huruma, mtu aliyecheza kabla uwanja haujawekwa magoli ya chuma ni mtu wa kale. Kwa hivyo nitakichukua hicho kiti mlichonipa, ila nitakaa ukingoni. Nina daftari ambalo nimekuwa nikiliandika tangu goti liniharibikie, na mengi ya haya nimeyatoa humo. Pale ambapo sikumbuki nitasema sikumbuki.

Nawaandikia nyote, lakini zaidi namwandikia yule ambaye Jumamosi iliyopita aliona mwenzake yuko peke yake mbele ya goli, akamtazama vizuri, halafu akapiga mpira nje. Jina silitaji. Anajijua, na mimi namjua kwa sababu nimewahi kuwa yeye.

Tulikuwa wawili, mimi na Nthenya. Tulikulia Mbotela mlango kwa mlango, kwenye zile nyumba za zamani za kanjo, za baraza la jiji, na baba zetu wote wawili walikuwa madereva. Mama zetu walitoka upande mmoja wa Ukambani na waliimba kwaya moja. Tulianza na mpira wa makaratasi uliofungwa kamba, tukaja tukajiunga na timu ya huku Huruma siku moja. Yeye akavaa tisa, mimi kumi na moja. Kazi yangu ilikuwa kukimbia pembeni kushoto, kumpita beki, kisha kurudisha mpira nyuma kwa mguu wa kushoto, mahali ambapo Nthenya angekuwa. Sikuwa nikitazama. Nilijua tu angekuwa hapo.

Mtu akiniuliza nani alikuwa bora, nitajibu kwa haki. Kwa mbio nilimshinda, na hata yeye anakubali. Kwa mengine yote alinishinda. Mpira ukitufikia mbele ya goli sisi wengine tulipapatika, yeye alitulia kana kwamba amesahau kitu nyumbani na anajaribu kukumbuka ni nini, halafu anautia wavuni. Hilo niliandika kwenye daftari siku ambayo nilikuwa nimemkasirikia, na bado ni kweli.

Halafu goti langu likaenda. Haikuwa hata mechi. Ilikuwa mazoezi, nikakanyaga shimo huku nikigeuka. Daktari akasema mshipa wa ndani umekatika, nitatembea vizuri tu, lakini kwa mpira basi. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nthenya ndiye aliyenibeba mgongoni kutoka uwanjani mpaka barabarani. Nalisema mapema ili usije ukadhani alikuwa mtu wa maringo. Hakuwa. Angekuwa wa maringo ingekuwa rahisi kwangu.

Kocha hakutaka nikae nyumbani nikilia, akanipa kazi ya kupiga video za mechi. Timu ilikuwa na simu moja nzuri, na ukiipiga video ukiwa chini unapata migongo ya watu na vumbi. Kwa hivyo tulipanda juu. Kwenye ploti iliyo kando ya uwanja, ghorofa ya tatu, aliishi Bi Zena, mjane aliyekuja Nairobi na mumewe kutoka Malindi zamani sana, Mswahili wa kusali swala zake tano na kukukosoa kwa upole mpaka unatamani akupige. Balkoni yake ilitazama uwanja wote. Mpango ulikuwa hivi: siku ya mechi wasichana wawili wanampandishia mitungi ya maji, naye anawaambia majirani, wa juu na wa chini, waondoe nguo kwenye kamba mpaka refa amalize. Na waliziondoa. Ploti nzima, nguo zote zinaingizwa ndani, mbichi na kavu, ili mpira uonekane. Sijui kama kuna mahali pengine watu hufanya hivyo.

Jumapili ile lilibaki shuka moja tu, la Bi Zena mwenyewe, la kijani lenye maua mekundu. Lilikuwa limetoka tu kufuliwa, linachuruzika maji. Alilisukuma mpaka mwisho kabisa wa kamba, akalibana kwa vibanio vinne. Halikumzuia mtu.

Sasa nikuambie ni kwa nini mechi ile ilikuwa kubwa. Wiki hiyo Nthenya alikuwa amepata ujumbe kupitia wakala mmoja. Klabu ya Ulaya, kule juu kwenye baridi, ilitafuta mshambuliaji wa kati. Hawakutaka vipande vya mabao vilivyoungwa pamoja, kwa sababu hata mchezaji mbovu ukimkata vizuri anapendeza. Walitaka mechi moja nzima isiyokatwa, yeye akiwa ndani dakika zote tisini, na waliitaka kufikia Jumatano. Mechi iliyobaki kabla ya Jumatano ilikuwa moja, dhidi ya timu ya upande wa Eastleigh yenye mabeki wawili wagumu kama mlango wa chuma.

Aliniambia mimi kabla ya kumwambia mama yake. Alikuja mbio mpaka kwetu, akanishika mabega.

"Wayua, ikikubali nitakuita uje unione nikianguka kwenye barafu."

"Nitakuja na kamera," nikasema.

Tukacheka. Nikamkumbatia. Usiku huo niliandika mstari mmoja tu kwenye daftari: Nthenya anaenda. Halafu nikakaa nimeshika kalamu, nikangoja furaha ije niiandike. Sikuiandika.

Siku ya mechi Kocha alinifuata mpaka kwenye ngazi. "Leo shughulika na tisa. Hao wengine nitawaona mwenyewe." Nikapanda. Bi Zena alikuwa nyuma yangu kwenye kigoda chake, anamenya viazi kwenye beseni, maana Jumapili jioni aliuza viazi karai mlangoni pa ploti. Kipindi cha kwanza nilikipiga vizuri. Naapa. Kila Nthenya alipokwenda nilikwenda naye. Wakati wa mapumziko nilibadilisha betri, naye akaja chini ya balkoni akaweka mkono juu ya macho.

"Wewe kameramani! Nimetoka mrembo?"

"Umetoka jasho."

Watu wa balkoni zote wakacheka. Hata mimi nilicheka, na kwa haki nilicheka kweli.

Kilichonimaliza hakikuwa Nthenya, mwanangu, ilikuwa ile namba kumi na moja. Kocha alikuwa amempa jezi yangu msichana mpya, mdogo, mwenye mguu wa kushoto mzuri sana. Dakika kama ya sabini, bado hakuna aliyefunga, nikamwona anaanza kukimbia pembeni, njia yangu, ile ile, mpaka pale penye dimbwi ambapo nilizoea kuruka. Akaruka. Akampita beki. Akarudisha mpira nyuma kwa mguu wa kushoto bila kutazama. Ilikuwa pasi yangu. Na Nthenya alikuwa pale ambapo huwa.

Hapo ndipo nilipogeuza simu.

Ningependa kukuambia mkono uliteleza. Haukuteleza. Upepo ulikuwepo, lakini si upepo ulioigeuza. Nilizungusha kiganja taratibu, kama mtu anayefunga bomba la maji, na kioo kikajaa kijani na maua mekundu. Nikasikia uwanja ukinyamaza, jinsi ulivyokuwa ukinyamaza kila Nthenya akitulia. Halafu kelele. Watu walipiga masufuria. Na mimi nilikuwa nalitazama shuka. Bao lenyewe sikuliona hata kwa macho yangu. Mpaka leo watu wanalizungumzia kwa kinyozi, kila mtu analisimulia kivyake, na mimi niliyekuwa nimekaa mahali pazuri kuliko wote nanyamaza, kwa sababu sina cha kusimulia.

"Wayua," Bi Zena akasema nyuma yangu. Hakupaza sauti. "Mpira uko kule, mama. Hilo ni shuka langu."

Niliiacha simu pale pale ilipokuwa.

"Rudisha mkono. Mwenzako yuko kule."

Nikaurudisha. Dakika zilizobaki nilizipiga vizuri mno, kama mtu anayefagia nyumba nzima baada ya kuvunja kikombe kimoja. Tulishinda moja bila.

Refa alipomaliza, niliinuka nishuke. Bi Zena akanyoosha mguu mlangoni.

"Kaa."

Nikakaa.

"Unamwonea kijicho mwenzako," akasema, kisu bado kinazunguka kwenye kiazi. "Sikulaumu kwa hilo. Goti lako limekufa, lake zima. Mimi dada yangu aliolewa na baharia, mimi nikaolewa na mpishi wa hoteli. Kila alipokuja na doti mpya ya kanga nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Kijicho kiwe nacho, ni chako. Lakini hiyo simu si yako. Umepewa uishike."

"Haikuwa makusudi, Bi Zena."

"Usiniongezee na hilo."

Bi Zena akaosha mikono, akaifuta kwenye kanga.

"Utamwambia wewe, ama nimwambie mimi?"

"Nitamwambia mimi."

"Lini?"

"Leo."

"Kabla ya magharibi," akasema. "Ukilala nalo litakuzoea."

Viatu vya Nthenya vilisikika kwenye ngazi, akipanda mbili mbili na njumu zikikwaruza saruji. Bi Zena akaingia ndani kutawadha. Nadhani alituachia nafasi makusudi. Aliniamini.

"Bao umelipata?" Nthenya akauliza kabla hata hajapumua.

Mdomo wangu ulikuwa umeshaandaa ukweli. Nakuambia kwa haki, ulikuwa hapo kwenye ulimi. Lakini alikuwa anang'aa, mwanangu. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope na alikuwa anang'aa, na nikaona siwezi kusimama mbele ya mtu kama huyo nikiwa mdogo hivyo.

"Upepo," nikasema. "Shuka lilipeperuka likaja mbele."

Akaligeukia shuka. Lilikuwa kule mwisho wa kamba, na vibanio vyake vinne. Akanigeukia mimi.

"Mengine yapo?"

"Mengine yote yapo."

"Basi sawa," akasema.

Kesho yake aliipeleka video kwenye saiba ya Eastleigh, duka la intaneti, ikachukua nusu siku kupanda mtandaoni. Baada ya wiki mbili klabu ikajibu kwa mistari mitatu. Wanashukuru, wanamtakia mema, si wakati huu.

Mwaka mmoja na miezi minne. Huo ndio muda aliokaa hapa kabla ya kupata pengine. Alisimama kutwa dukani kwa watu Eastleigh, akiuza nguo na viatu vya watoto, na mazoezi akifanya alfajiri kabla ya kazi. Alikuwa na miaka ishirini na nne, na kwa mshambuliaji hiyo si miaka ya kukunja nguo. Nilikuwa namwona akirudi miguu imevimba kwa kusimama, na nilimsalimia, na alinijibu. Sikusema. Bi Zena aliniuliza, "Umemwambia?" Nikasema bado. Akauliza tena mwezi uliofuata. Mara ya tatu hakuuliza. Lakini tangu hapo nikimpa kitu, hata kikombe cha chai, alikuwa akitazama mkono wangu kwanza.

Hatimaye Nthenya akachukuliwa na klabu ndogo ya daraja la chini, nchi nyingine kabisa, na baada ya misimu miwili akapanda kwenda kule kwenye baridi alikotaka tangu mwanzo. Huko ndiko alikotengeneza jina mnalolijua. Hapo ungedhani wivu wangu ungekufa, si amefika? Ulinenepa. Mpaka wakati ule nilikuwa na huruma ya kuuchanganya nayo, sasa ukabaki mtupu.

Nitakusomea kwenye daftari, usinicheke. "Nthenya amefunga mawili. Nimefurahi kidogo, halafu nikachoka." "Nthenya amewekwa kwenye picha kubwa ya klabu yao. Amekaa katikati. Nywele hazikumkaa vizuri." "Nthenya ametolewa dakika ya hamsini na amepoteza penalti. Leo nimepika chapati." Hiyo ya chapati niliisoma mwaka mmoja baadaye nikajiona kama mtu mwingine. Chapati, mwanangu, siku ya Jumanne, bila mgeni.

Wakati huo nilikuwa nimeshaanza hii kazi ya kuchapa majina na namba kwenye jezi, kibanda changu hiki karibu na Jogoo Road mnachokijua. Asubuhi moja akaja msichana mwenye jezi mpya mikononi. "Mathe, nichapie Nthenya, tisa." Nikazipanga herufi mgongoni mwa jezi moja baada ya nyingine. Sijawahi kunyoosha jina kama nilivyolinyoosha lile. Nilipima kwa rula mara tatu. Si upendo, niseme kwa haki. Nilikuwa nauogopa mkono wangu. Nilijua unavyoweza kugeuka.

Wiki hiyo walikuja wengine, wote wakitaka jina hilo hilo. Hakuna aliyejua kwamba kumi na moja aliwahi kuwapo.

Bi Zena alifariki mwaka juzi. Nilikaa na wanawake kwenye mkeka, na kila nilipoufikiria mguu wake ule mlangoni nilitaka kuinuka niende nikaseme mahali. Lakini Nthenya alikuwa mbali, na kwa simu nikaona haifai. Hicho kilikuwa kisingizio cha mwisho nilichobaki nacho, na kilikuwa kizuri.

Desemba iliyopita kikaisha. Mkataba wa Nthenya ulikuwa umefika mwisho na nyonga inamsumbua, akarudi nyumbani. Niliinua macho kibandani nikamwona amesimama na mfuko mkubwa begani.

"Niaje, kameramani."

Alikuwa amewaletea nyinyi jezi, hizo mnazovaa, na alitaka nizichape namba. Ameanza mvi hapa pembeni. Alikaa kwenye benchi la wateja, akanyoosha mguu unaouma, na tukazungumza kuhusu mama zetu. Mashine ilikuwa inapata moto. Nikashika jezi ya kwanza, nikaiweka, na namba iliyotoka juu kwenye rundo ilikuwa kumi na moja. Sikuipanga mimi. Nikaiweka chini.

"Nthenya, ile mechi ya Eastleigh. Lile shuka."

Akainua macho.

"Haukuwa upepo. Niligeuza simu mimi. Nilikuonea wivu, nikaigeuza. Na Bi Zena aliniambia nikuambie siku ile ile, nikashindwa, na nimeshindwa mpaka leo."

Alitulia kama anavyotulia mbele ya goli. Halafu akatoa simu yake, akatafuta, akaiweka mezani kati ya mikasi na rula. Ilikuwa ile video. Akaipeleka mbele, akaiacha icheze. Kijani. Maua mekundu. Na mimi nilikuwa sijawahi kuisikiliza, mwanangu, miaka yote hiyo. Uwanja ukanyamaza. Watu wakapiga kelele. Masufuria. Na karibu kabisa, karibu kuliko kelele zote, sauti ya mtu tuliyekwisha kumzika:

"Wayua. Mpira uko kule, mama. Hilo ni shuka langu." Kimya. "Rudisha mkono. Mwenzako yuko kule."

"Ulidhani simu inaona tu?" Nthenya akauliza.

Nikaishika rula, nikaiweka tena.

"Nilitia waya masikioni pale saiba, nikisubiri ipande. Nikasikia."

"Ulijua siku ile?"

"Kesho yake. Mwaka wa kwanza nilikukasirikia kila siku. Ukinisalimia nilikuwa nataka kukurushia viatu vya watoto vya dukani. Mwaka wa pili pia. Wa tatu nikachoka."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe." Akaizima video. "Halafu nikafika kule, msichana wa miaka kumi na tisa akachukua nafasi yangu, mimi nikawekwa benchi. Kila Ijumaa niliomba Mungu amwumize kifundo. Si sana. Kidogo tu, wiki mbili."

"Akaumia?"

"Wapi. Yule ni mzima mpaka leo." Akacheka, nami nikataka kucheka, lakini nilikuwa bado na swali moja, lile ambalo limekaa kifuani mwangu kuliko yote.

"Walikukataa kwa sababu ya bao?"

Alifikiri. Nilimwona akifikiri kwa haki, na nikamshukuru kwa hilo.

"Sijui, Wayua. Wakala alisema walitaka mtu mrefu. Pengine ni kweli. Pengine wangeliona lile bao wangesahau urefu. Mimi sijui na wewe hutajua. Ule mwaka ulikuwa wangu, haurudi." Akakuna goti lake. "Lakini video nimekaa nayo. Kule nikitamani nyumbani ndiyo niliyokuwa naicheza, hapo penye shuka. Mabao mengine ninayo mengi, yamepigwa na kamera za maana. Sauti ya yule mama ninayo hapo tu."

Kisha akanisogezea rundo la namba. "Chapa jezi. Wasichana wanangoja."

Nilizichapa zote. Kumi na moja nilianza nayo.

Sasa nisikilize, mwanangu, halafu nikuachie uende mazoezini. Sikuambii usione wivu. Ningekuambia hivyo ningekuwa mnafiki, daftari langu lipo. Mwenzako ataitwa na wewe utaachwa, au wewe utaitwa na yeye ataachwa, na mmoja wenu itamuuma. Ikikuuma wewe, iache iume. Nenda nayo nyumbani, iandike, ipikie chapati ukitaka. Lakini kazi uliyopewa kushika, iwe ni mpira mguuni au simu mkononi, ifanye jinsi ungeifanya siku unayompenda. Si lazima umpende siku hiyo. Yeye atapata pasi yake hata hivyo, nawe utarudi nyumbani na mkono usioogopa.

Na ukishakosea, maana pengine umeshakosea, sema leo. Usingoje mwenzako awe mtu mkubwa ndipo umwambie. Akishakuwa mkubwa atakujibu kwa upole, na wewe utabaki hujui kama alikusamehe au alichoka tu. Mimi sijui. Nthenya anakuja kibandani, tunakunywa chai, ananiita kameramani, na bado sijui, na sina ruhusa ya kumuuliza. Hilo ndilo nililolipa kwa kukaa kimya. Wewe bado una nafasi ya kulikwepa. Ile pasi ya Jumamosi ina siku tano tu, haijakuzoea bado. Mtafute mwenzako leo kabla hamjafunga kamba za viatu.

Jumamosi hii napanda tena juu. Balkoni ile sasa anakaa binti yake Bi Zena, na ameshawaambia majirani waondoe nguo. Nthenya amesema ataketi nyuma yangu kwenye kile kigoda, na kama itabidi amenye viazi atamenya.

Mungu akupe mguu mzima na moyo wa kutulia mbele ya goli. Ukiitwa mbali, akufikishe, na akurudishe ukiwa na jino la kuchekea. Ukiachwa, akupe kazi ya kushika na nguvu za kuishika. Na siku mkono wako utakapoanza kugeuka, akuwekee mtu nyuma yako, mwenye sauti ya chini, wa kukuita kwa jina lako. Amina.